Kilimia, Zohali na Makao Makuu: Historia ya Subira katika Uwanda wa Kati

Kiswahili kina methali mbili kuhusu kungoja ambazo hazielewani. Ya kwanza husema kuwa subira yavuta heri. Ya pili husema kuwa ngoja ngoja yaumiza matumbo. Viongozi wetu huipenda zaidi ile ya kwanza. Huitumia kwenye mikutano ya hadhara maji yasipofika kijijini, mshahara unapochelewa, au ahadi ya uchaguzi inapovuka kipindi cha pili bila kutimia. Wananchi nao, wakiwa majumbani mwao, huikumbuka ile ya pili.

Makala haya yanachunguza asili ya dhana ya subira katika eneo moja la nchi yetu, yaani Dodoma na uwanda wa kati. Nimechagua njia ambayo huenda ikamshangaza msomaji aliyezoea mijadala ya sera: njia ya nyota. Kabla ya kalenda ya ofisi na mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi, watu wa Afrika Mashariki walijifunza kungoja kwa kutazama juu. Yale waliyojifunza kuhusu wakati, uvumilivu na utu uzima yanatofautiana sana na subira tunayohubiriwa leo, na tofauti hiyo ina uzito wa kisiasa.

Kilimia: nyota za mwenye jembe

Katika anga kuna kundi dogo la nyota zilizosongamana ambalo Waswahili huliita Kilimia. Jina hilo limetokana na kitenzi kulima. Jamii nyingi za Kibantu, kutoka huku kwetu hadi kusini kabisa mwa bara, zina jina la mzizi huohuo. Wazulu na Waxhosa husema isiLimela. Hata Mgiriki Hesiod, miaka ipatayo 2,700 iliyopita, aliwaelekeza wakulima wa kwao wavune na kulima kwa kufuata kuchomoza na kuzama kwa nyota hizohizo.

Ukiwa Dodoma, nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, mwendo wa Kilimia unaendana vizuri na mwaka wa mvua. Uwanda huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa kawaida ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, mvua zinapokatika, Kilimia huonekana kwa muda mfupi magharibi baada ya machweo, kisha humezwa na mwanga wa jua. Hupotea kwa siku zipatazo 40. Mwezi Juni hurudi mashariki wakati wa alfajiri, mtama na uwele vikiwa vimevunwa au vinavunwa. Kufikia Novemba huchomoza mashariki jua linapozama, na hukaa angani usiku kucha. Huo ndio wakati wa kusafisha shamba na kutengeneza jembe, maana mvua i karibu.

Tazama aina ya subira iliyomo humo. Mkulima anayengoja Kilimia anajua anangoja nini. Anajua takriban atangoja kwa muda gani. Anajua pia kazi inayompasa katika kila hatua ya kungoja: kuhifadhi mbegu, kugawa akiba ya chakula, kufyeka, kukarabati tembe. Nyota hazimnyeshei mvua. Humwambia tu kwamba muda wa kujiandaa umefika. Mvua ikikosa, hapo ndipo maswali huanza, na maswali hayo huulizwa watu.

Katika Ugogo, mtemi alikuwa kiongozi wa ibada aliyetunza mawe ya mvua na kuombea ardhi yake. Katika tawala za kitemi za Usukuma na Unyamwezi, upande wa magharibi, mtemi aliyeonekana kushindwa na mvua aliweza hata kuondolewa. Tunaweza kutokubaliana na imani hiyo, lakini hatuwezi kukana mantiki yake ya kisiasa: aliyewaambia watu wangoje aliwajibika kwa matokeo ya kungoja kwao.

Wakati pia ulikuwa kipimo cha utu uzima. Miongoni mwa Waxhosa, mwanamume huhesabu miaka ya utu uzima wake kwa idadi ya mara ambazo isiLimela imerejea tangu alipotoka jandoni. Hapa kwetu, Wasandawe wa Kondoa na Chemba walikuwa na ngoma za usiku wa mbalamwezi zilizohusiana na uzazi na kuendelea kwa uhai. Katika mifano yote miwili mtu anakomaa kwa kupita katika mizunguko iliyo mikubwa kuliko yeye, akishuhudiwa na wenzake. Umri wa karatasi peke yake hautoshi.

Zohali: nyota ya ucheleweshaji

Elimu nyingine ya nyota iliingia uwanda wa kati kwa miguu, pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Pwani ilikuwa na ilmu ya falaki iliyorithiwa kupitia vitabu vya Kiarabu, yenye buruji 12 kuanzia Hamali hadi Hutu, na sayari saba za kale zilizogawiwa siku za wiki. Ilikuwa pia na mwaka wa jua unaoanza Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima waliugawa katika makumi ya siku. Kila kumi liliitwa mwongo, na ndilo neno tunalolitumia leo kwa miaka kumi. Viongozi wa misafara walitafuta siku njema ya kuondoka kabla ya kufunga mizigo.

Katika elimu hiyo, Zohali ndiye mzee. Ni sayari ya mbali kuliko zote zilizoonekana kwa macho ya watu wa kale, na ya polepole kuliko zote. Huchukua takriban miaka 29 na nusu kulizunguka jua. Jumamosi ni siku yake, na Jadi na Dalu ndizo nyumba zake. Wanajimu wamempa sifa za baridi, uzito, uzee, vizuizi na ucheleweshaji. Hata hivyo, wanajimu wa mapokeo ya Kigiriki, Kiarabu na Kihindi hawakumwona kuwa wa nuhusi tupu. Walisema kwamba anachokichelewesha hukikomaza, na wanajimu wa kisasa husema kwamba Zohali anaporejea mahali alipokuwa wakati mtu anazaliwa, yaani karibu na umri wa miaka 29 au 30, ujana humalizika na hesabu ya maisha huanza.

Mimi si mnajimu, na sidai kwamba sayari ya mbali inaamua hatima ya mtu wa Mpwapwa. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe walitenganisha zamani falaki ya hesabu, inayotafuta mwandamo wa mwezi, kibla na nyakati za sala, na unajimu unaodai kujua ghaibu, ambao wengi wao waliukataza. Kinachonivutia kama msomaji wa historia ni wazo la maadili lililofichwa ndani ya ishara: kwamba ucheleweshaji una haki ya kuheshimiwa pale tu unapozaa ukomavu, na kwamba kuna siku ya kurejea ambapo hesabu hutolewa.

Wasafiri wa Kizungu waliopita Ugogo hawakuwa na subira ya aina hiyo. Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 waliandika kwa hasira kuhusu hongo ambayo watemi wa Kigogo waliwatoza. Wao waliona uporaji na ucheleweshaji wa makusudi. Ukisoma upya kwa macho ya wenyeji, unaona watu wa nchi kame wanaolinda visima vyao dhidi ya misafara ya mamia ya watu wanaotaka kunywa na kuondoka. Mwenyeji alikuwa na muda. Mgeni ndiye aliyekuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na bei.

Je, Mwafrika hana kesho?

Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alitoa kitabu kilichotikisa vyuo vikuu. Alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba fikra za jadi za Kiafrika zina wakati mrefu uliopita na wakati uliopo, lakini karibu hazina wakati ujao wa mbali. Wanafalsafa wengine, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga kwa ushahidi wa lugha na desturi.

Ugogo unaongeza hoja katika mjadala huo. Mtu anayeweka mbegu bora juu ya moshi wa jiko huku watoto wakiwa na njaa amekwisha kuuona mwaka ujao. Mfugaji anayegawa ng'ombe wake kwa marafiki na ndugu wa vijiji vya mbali, ili ukame wa sehemu moja usimmalize, amepanga kwa ajili ya tukio ambalo bado halijatokea. Wakati ujao ulikuwepo. Ulihesabiwa kwa misimu na kwa mahusiano.

Mtunya: subira ilipoporwa

Historia ya Ugogo huhesabiwa kwa njaa. Kubwa kuliko zote ni ile iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox ameonyesha kwamba chanzo chake hakikuwa mbingu peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Waingereza walipoiteka Dodoma Julai 1916 waliendelea kuchukua vitu vilevile. Mvua ilipokosa baadaye, maghala yalikuwa matupu, mifugo imeondoka na vijana wengi wamepelekwa kubeba mizigo ya vita. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 150,000 wa eneo hilo, wapatao 30,000 walifariki.

Hili ni somo zito kuhusu subira. Wagogo walikuwa wamejenga katika vizazi vingi mfumo wa kungoja salama: akiba, mifugo iliyotawanywa, undugu, ufahamu wa majira. Vita iling'oa kila nguzo ya mfumo huo, kisha mtu akabaki na kungoja kwenyewe tu, bila cha kula wakati anangoja. Anayemwambia mtu wa namna hiyo avumilie anamdhihaki.

Katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, 1917, alizaliwa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyekuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, akiandika kwa Kiswahili katika kipindi ambacho wengi waliamini kuwa historia ya watu kama hao haipo. Mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa ndiye aliyewatunzia watu wake kumbukumbu.

Kongwa: haraka iliyogharimu pauni milioni 36

Miaka 30 baada ya Mtunya ikaja haraka ya aina nyingine. Uingereza ilitoka Vita Kuu ya Pili ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea.

Kila kitu kilipangwa isipokuwa muda wa kujifunza. Haikufanywa kwanza majaribio ya misimu kadhaa kwenye shamba dogo, na mvua ya eneo hilo haikupimwa kwa miaka ya kutosha. Matrekta, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya vita, yalivunjika kwenye vichaka na mizizi ya mibuyu. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa uliwasumbua wageni: ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa hazikuweza kung'olewa. Mvua nayo ikafuata kalenda yake badala ya ile ya London. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea.

Mkulima wa Kongwa alikuwa na jibu la maswali mengi ambayo wataalamu hawakuyauliza. Yeye alilima mtama na uwele kwa sababu zilizojaribiwa na vizazi. Methali yetu kwamba mbuyu ulianza kama mchicha kwa kawaida husemwa kumtia moyo anayeanza kwa kidogo. Pale Kongwa ingeweza kusomwa kama onyo la kitaalamu: mti ule unaomvunjia mgeni trekta ulichukua mamia ya miaka kujua namna ya kuishi kwenye ardhi ile.

Kongwa ikapata historia ya pili. Kuanzia mwaka 1964 serikali ya Tanzania ilitoa eneo hilo kwa wapiganaji wa vyama vya ukombozi vikiwemo FRELIMO, ANC na SWAPO. Miongoni mwao walikuwamo Waxhosa, kama Chris Hani, ambao huko kwao miaka ya utu uzima huhesabiwa kwa nyota zilezile zinazochomoza jioni ya Novemba juu ya Kongwa. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, Namibia mwaka 1990, na Afrika Kusini ilipiga kura ya watu wote mwaka 1994. Hiyo ilikuwa subira ndefu na yenye machungu, tena yenye manung'uniko makali kambini. Lakini ilikuwa na kazi ya kila siku na lengo ambalo kila aliyengoja aliweza kulitaja.

Makao makuu: mzunguko mmoja wa Zohali na ziada

Mwalimu Nyerere alifahamika kwa wito wake kwamba sisi lazima tukimbie wakati wengine wanatembea. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilipokuwa ikiwahamishia Wagogo kwenye vijiji vya ujamaa, yeye mwenyewe alikwenda Chamwino kufanya kazi za mikono pamoja na wanakijiji. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji hufika kwa urahisi penye watu wengi. Lakini makazi yaliyotawanyika ya Wagogo nayo yalikuwa na sababu yake, maana malisho na mashamba ya nchi kame hayavumilii msongamano. Kwa mara nyingine dola ilikimbia mbele ya majira.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na ikakadiriwa kwamba kazi ingechukua miaka kumi. Mpango mkuu ulioandaliwa na kampuni ya Kanada ukakamilika mwaka 1976. Kisha vikaja vita vya Kagera, bei ya mafuta, na uchumi uliodhoofika. Bunge likahamia mwaka 1996. Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza mwaka 2007. Wizara zikabaki Dar es Salaam hadi Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali yote itahamia. Mamlaka ile ikavunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa rasmi Mei 2023.

Ahadi ya miaka kumi ilichukua miongo minne na zaidi. Mpenzi wa falaki angetabasamu: Zohali aliyekuwa mpakani mwa Jauza na Saratani mwaka 1973 alikuwa amekwisha kulizunguka jua na kurudi mahali pake kufikia mwaka 2003, kabla wizara hazijafunga mizigo, naye atarudi tena karibu na mwaka 2032.

Je, kuchelewa huko kulikomaza kitu? Jibu la haki ni kwamba kwa sehemu, ndiyo. Wazo lenyewe lilidumu katika awamu zote za uongozi, jambo ambalo si dogo. Lakini kuna walioulipia muda huo pasipo kuulizwa. Ni wakazi walioishi miaka mingi kwenye ardhi iliyopangiwa matumizi ya baadaye, wasijue kama wajenge au wasijenge. Mgogoro wa viwanja uliwachosha hadi kuvunjwa kwa mamlaka ile kukapokelewa na wengi kwa furaha. Wao walingoja bila Kilimia, yaani bila ishara yoyote ya kuwaambia msimu wao unaanza lini.

Utabiri na madaraka

Nyota pia zimewahi kutumika kuwanyamazisha watu. Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2010, mnajimu mashuhuri Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, alitangaza kwamba mwanachama wa CCM atakayeshindana na Rais Jakaya Kikwete angefariki ghafla. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Kihistoria, kauli hiyo inaonyesha mahali unajimu unapogeuka. Nyota za mkulima humwambia ajiandae na kufanya kazi. Utabiri wa aina hii humwambia raia akae kimya kwa kuwa mambo yamekwisha kuamuliwa.

Na hapa ndipo hotuba nyingi za kisasa za subira zinapofanana na utabiri huo, hata kama msemaji hajawahi kutazama angani. Mwananchi huambiwa kwamba mambo mazuri yanakuja, asihoji lini, asihoji kwa kazi ya nani, asihoji nani atajibu yasipokuja.

Maswali matatu

Kutokana na historia hii napendekeza kipimo kwa mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma. Kila tunapotakiwa kuvuta subira, tuulize mambo matatu. Je, muda wa kungoja unajulikana, na ishara za njiani ni zipi? Je, anayengojeshwa ana chakula, ardhi na haki za kumwezesha kungoja, au amenyang'anywa kama watu wa Mtunya? Je, aliyeahidi atakuwepo kutoa hesabu siku ya kurejea?

Mtumishi anayefanya kazi Mtumba leo ana nafasi ya pekee. Bajeti yake hujadiliwa Dodoma kati ya Aprili na Juni, wakati ambao jirani yake wa Chamwino anavuna. Jirani huyo atahitaji mbegu kabla ya Desemba, Kilimia kinapochomoza jioni. Mbegu zikimfikia Februari, jalada litaonyesha kwamba zilitolewa ndani ya mwaka wa fedha, na mkulima atakuwa amepoteza mwaka mzima. Hapo mtumishi hatakuwa na haki ya kumhubiria subira, kwa sababu mkulima alikwisha kungoja kwa wakati wake, na ofisi ndiyo iliyochelewa.